Namba Mpya, Maneno Yale Yale

"Ng'ombe wa Gehandu wote umewamaliza wewe, Gidion! Wote! Wilaya nzima tutakunywa chai ya rangi mpaka Yesu arudi, kwa ajili yako!"

Kwa hesabu ya siku ile, ng'ombe wa Gehandu wote walikuwa ng'ombe mmoja. Lakini Bura alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa kioski, ngozi ya huyo mmoja imekunjwa begani kwake, bado mbichi, nzi wameshaijua njia. Na mtu mwenye ngozi begani humsahihishi hesabu.

"Shikamoo, mzee Bura," Gidion alisema kwa mara ya pili.

"Hata ile ya kwanza niliisikia."

"Hujaitikia."

"Kwani wewe ya kwangu uliitikia? Nimepiga hodi kwako mara kumi na moja. Kumi na moja! Hata kwenye nyumba iliyohamwa, ukipiga hodi mara kumi na moja jirani anatoka kukwambia hamna mtu."

Gidion akachukua bisibisi, akaanza kufungua simu ya mteja ambayo shida yake ilikuwa chaji tu. Ndivyo alivyo. Akibanwa na jambo lazima afungue kitu skrubu. Mwaka aliofiwa na baba yake alifungua redio za mtaa mzima, na mbili mpaka leo hazijaimba tena.

Ni fundi simu pale Dongobesh, miaka arobaini na mitatu, mwembamba, kofia ya sufu haitoki kichwani hata jua likiwa la kukaanga mahindi. Kioski chake kimepakana na mashine ya kusaga, kwa hiyo kila simu anayoitengeneza inarudi kwa mwenyewe ikiwa nzima na unga kidogo. Shule aliishia kidato cha nne. Mambo ya kompyuta alijifundisha mwenyewe kwa laptopu ya mtumba iliyopungukiwa herufi K, na kila akitaka K ilibidi aikope kutoka sehemu nyingine ya maandishi. Kwa mtu ambaye jina lake la ukoo ni Akonaay hiyo si shida ndogo.

"Weka chini hiyo ngozi basi, mzee."

"Siiweki. Shika hii simu, usome."

Gidion akaishika. Ilikuwa simu ya vitufe, imefungwa mpira wa ndani wa baiskeli isiachane. Akasoma. Saa tisa na dakika tano alasiri, Bura ametuma HODI. Jibu: Neno halitambuliki. Saa tisa na dakika tisa, HODI. Neno halitambuliki. Hivyo hivyo, kushuka, mpaka jua lilipozama, hodi kumi na moja na majibu kumi na moja. Kwenye hodi ya tisa Bura aliongeza maneno, HODI JAMANI. Hayo pia hayakutambulika.

"Ndama alikuja mguu mmoja," Bura alisema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Mwingine umebaki ndani. Mimi mkono wangu ni mnene, ulikataa. Mke wangu akajaribu, akachoka. Tukawa tunamwangalia tu. Na ofisa mifugo, nimeambiwa jana, alikuwa kata ya pili. Nusu saa kwa pikipiki. Amekaa anakula muwa."

Sasa ng'ombe mwenyewe hakuwa wa Bura. Huku watu hawaweki ng'ombe wote zizi moja. Unampa rafiki mmoja akae naye, anywe maziwa, wewe ubaki na jina. Ugonjwa ukiingia kwako, walioko kwa marafiki wanabaki. Huyu alikuwa wa Basili wa Balangdalalu, alikuwa kwa Bura mwaka wa sita, kama mtoto wa kuasili kabisa. Na ng'ombe wa mwenzako akifa mikononi mwako hupigi simu. Unaenda mwenyewe, na ngozi, unasimama mbele ya mwenyewe, unaeleza kila kitu ulichofanya kabla hajafa.

"Nitamwambia nini?" Bura aliuliza. "Nilifanya nini? Nilipiga hodi kwenye simu. Atasema, na hao wa kwenye simu wamesemaje? Twende wote, Gidion. Pikipiki ile pale. Wewe ndiye utakayemwambia kwamba mimi niliita na wewe ndiye hukuitika. Basi. Sitaki kingine kwako."

Gidion alikuwa ametoa skrubu nne. Akaanza kuzitafuta mbili zilizoanguka, na akazitafuta polepole sana.

Habari yenyewe ilianza kwenye semina, miaka mingi kidogo nyuma. Ilikuja kampuni moja kutoka Arusha, na wafadhili wake, kuwafundisha wafugaji wa Mbulu na Hanang kumwita ofisa mifugo kwa meseji. Wazo zuri. Maofisa wanahamishwa kila mara, unahifadhi namba ya mmoja, ukimpigia yuko Tabora anakuuliza wewe nani. Kampuni ikasema, ninyi tumeni meseji kwa namba moja tu, mashine itajua nani yuko karibu. Kijana wao akabandika ukutani karatasi kubwa, ameandika namba za magonjwa kuanzia moja mpaka arobaini. Ng'ombe ameshindwa kuzaa, tuma 27. Anaharisha, tuma 14. Gidion alikuwa mkalimani, kijana akisema Kiswahili yeye anageuza Kiiraqw kwa ajili ya wazee.

Mama yake mzazi, Agatha, alikuwa kiti cha mbele. Mama mfupi, shuka mabegani, alikuja na maharage ya kuchambua kwa sababu semina haizuii mikono. Aliposikia 27 akasimama.

"Huyo mtu wa kwenye simu," alisema, na Gidion akawa anageuza, "ana wazazi? Unaingia kwa watu hujapiga hodi, hujasema wewe nani, unatupa tu ishirini na saba? Atakuona mwizi."

Ukumbi ulicheka mpaka kijana wa watu akakaa chini. Halafu wakamfundisha. Kwanza unasema HODI. Ukishakaribishwa, unasema MIMI fulani, wa kijiji fulani. Halafu NINA, unataja mnyama. Halafu SHIDA. Ukimaliza, ASANTE. Neno la SHIDA alilitoa Bura, na alilipigania sana, maana kuna waliotaka UGONJWA na yeye akasema ng'ombe aliyeanguka kwenye korongo si mgonjwa, ana shida. Walibishana mpaka chakula kama shida itangulie mnyama au mnyama atangulie shida. Kijana aliandika vyote kwenye karatasi kubwa, na baada ya miezi mitatu mashine ikawa inafanya kazi hivyo. Ukituma HODI inajibu, Karibu, nani mwenzetu? Bibi zetu waliishika kwa siku moja.

Kuna kitu kingine kilitokea kabla ya chakula siku ile, lakini hicho Gidion hajawahi kumwambia mtu.

Kampuni ilikaa miaka mitatu. Wafadhili wakaondoka, namba ikafa. Watu wakawa wanatuma HODI na haijibu chochote. Wakamletea Gidion simu zao wakidhani zimeharibika, na yeye akazifungua zote, kwa tabia yake, kabla ya kuelewa kwamba iliyokufa si simu.

Akakaa miezi minane kuandika programu yake. Ya kampuni hakuwahi kuiona ndani, hata mstari mmoja. Ya kwake iliishi kwenye laptopu isiyo na K, ikapokea meseji kupitia simu ya zamani iliyofungwa kwa waya juu ya rafu, na ikajua maofisa wote wa wilaya mbili, nani yuko wapi leo. Kazi yote ya ndani ni ya mikono yake. Alichoacha kama kilivyokuwa ni mlango tu. HODI, MIMI, NINA, SHIDA, ASANTE. Abadilishe kwa nini? Watu walishakuwa nayo vidoleni. Akachukua rangi, akaenda kwenye kila josho kuanzia Dongobesh mpaka kule chini Gehandu, akaandika ukutani: NAMBA MPYA, MANENO YALE YALE.

Alikiona kichwa hicho cha habari kuwa kizuri sana. Mwanasheria wa kampuni naye alikiona kizuri sana, na akakipiga picha.

Kitu kimoja tu aliongeza Gidion. Wazee walianza kulalamika kwamba mashine inawakaribisha vizuri lakini haiwaamkii, na mzee mmoja akagoma kabisa, akasema hawezi kueleza shida yake kwa kitu kisicho na adabu. Basi Gidion akaiweka iulize umri, na ukivuka hamsini inakuandikia, Shikamoo. Siku ile meseji ziliongezeka mpaka simu ya rafuni ikapata moto. Kuna waliokuwa hawana hata kuku, wanapiga hodi waamkiwe tu.

Barua ilikuja mwezi uliopita. Ilikuwa kurasa nne. Alimpa Godlisten aisome, yule ofisa mifugo aliyetoka Rombo, aliyesoma chuo, ambaye kila akifika Dongobesh hukaa kwenye kioski kusubiri chaji. Godlisten akasoma, akakuna kichwa.

"Wanasema uchaguzi wa yale maneno, mpangilio wake na kufuatana kwake ni hakimiliki yao. Na ile namna ya kumwita ofisa kwa hatua tano, wameiombea hataza."

"Hataza ndiyo nini?"

"Ni karatasi ya serikali inasema jambo hili mmelibuni ninyi, mwingine asilifanye bila ruhusa yenu."

"Wamebuni hodi?"

"Usinitolee macho mimi, mimi nasoma tu. Hii kitu hata wakubwa imewashinda, kaka. Huko Marekani kampuni mbili, matajiri wa kutupwa, moja iliandika upya programu ya ndani lakini ikaacha majina ya nje yale yale, kwa sababu mafundi walishayazoea. Kama wewe tu. Wameshitakiana miaka kumi. Mpaka mahakama kuu kabisa."

"Nani alishinda?"

"Yule wa kama wewe. Mahakama ikasema, kwa namna alivyoyatumia, ni halali. Ila kama yale majina yenyewe yana mwenyewe au hayana, majaji wakasema hilo tuliache, si lazima tulijibu leo."

"Miaka kumi!"

"Na ilikuwa Marekani. Hapa sijui kama kuna hakimu ameshawahi hata kuulizwa."

Godlisten alimshauri aende kwa wakili Babati. Mtu mwenye haki kama yake asingeiogopa barua ile, alisema. Gidion akaitikia vizuri sana, akasema kesho naenda. Hakwenda. Kwa sababu ukurasa wa tatu ulikuwa na mstari ambao Godlisten aliupita haraka na yeye hakuupita: kama ilivyo kwenye makubaliano yaliyosainiwa na washiriki wote wa semina.

Sasa hapo ndipo palipo na kile kitu cha kabla ya chakula.

Karatasi ya semina kila mtu anaijua. Jina, kijiji, simu, saini. Ukishasaini, unapata sahani. Mtu wa huku anaweza kukataa chanjo ya kuku kwa wiki mbili, lakini karatasi ya semina anasaini kabla hujamaliza kumpa kalamu. Siku ile karatasi zilikuja mbili. Ya pili ilikuwa na maneno mengi juu yake, madogo, ya Kiingereza, na kijana wa kampuni akampa mkalimani awasomee washiriki kwa lugha yao. Gidion alisoma mstari wa kwanza. Wa pili alikutana na neno asilolijua. Akainua macho, akaona sufuria ya pilau inaingizwa na akina mama wawili, moshi unatoka, na watu arobaini na saba wameanza kusogeza viti.

"Ni ya chakula," aliwaambia kwa Kiiraqw. "Saini tu."

Wakasaini. Mama yake hajui kuandika, kwa hiyo alimshika mkono mwenyewe, akampaka wino kwenye dole gumba, akalikandamiza pale panapotakiwa. Halafu chini kabisa, kwenye mstari wa mkalimani, akaandika jina lake. Alijisikia mtu mkubwa.

Kwa hiyo barua ilipokuja hakwenda Babati. Alibadilisha maneno. HODI ikawa ANZA, MIMI ikawa JINA, na mengine hivyo hivyo, akatangaza kanisani na mnadani kwamba ni maboresho. Barua ilikataza hata kumwelekeza mtu, yaani mtu akituma HODI usimwambie atume ANZA, kwa sababu ukimwambia hivyo bado unaitumia hodi yao. Akafuata. Huyu mtu ambaye hajawahi kufuata maelekezo ya kutengeneza simu hata moja, hayo aliyafuata herufi kwa herufi. Ndipo mashine ikaanza kuwajibu watu Neno halitambuliki. Na Gehandu ni mbali, matangazo ya kanisa la Dongobesh hayafiki.

"Nitakuja," Gidion alimwambia Bura, bado yuko chini ya meza anatafuta skrubu. "Ila leo saa tano kuna mgeni. Mgeni wa kampuni."

"Nakusubiri hapa hapa," Bura alisema. "Na ngozi."

Saa tano na robo gari jeupe lilisimama nje. Akashuka dada wa miaka thelathini hivi, viatu vya kamba, begi la karatasi. Upande wa pili, kwa madaha yote, akashuka mama Agatha na debe la maharage. Walikutana njiani, mama akasimamisha gari, na kwa mwendo wa dakika kumi alikuwa ameshajua ukoo wa dada, kwamba anaitwa Evelyne, na kwamba hajaolewa.

"Gidion, mgeni wako nimemleta," alisema. "Ni mtoto mzuri. Mpe kiti. Bura! Mbona umebeba mzigo ndani ya nyumba?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wa nani huyo?"

"Wa Basili."

Mama Agatha akaweka debe chini. Hakusema pole haraka, kwanza aliigusa ile ngozi.

Evelyne naye akaamkia watu kwa mstari, shikamoo mama, shikamoo mzee, na alipofika kwa Gidion akasema shikamoo pia. Gidion, ambaye hajioni mzee hata kidogo, akaitikia kama mtu aliyepewa barua nyingine.

Evelyne hakuja na ubaya, na hapo ndipo palipokuwa pabaya. Angekuja na ubaya wangemfukuza. Alikaa, akatoa karatasi, akaongea polepole.

"Kaka Gidion, kampuni haitaki kukupeleka mahakamani. Tunaanza mradi mpya, tunarudi huku. Wewe saini hapa tu, kwamba unakubali mpangilio wa maneno ni mali ya kampuni. Ukishasaini, nakupa ruhusa leo leo, saa hii, urudishe HODI. Utakuwa wakala wetu."

"Na mradi wenu ukiisha tena?" Gidion aliuliza.

"Hayo tutayaona huko mbele."

"Mliondoka mkafunga namba. Mkiondoka tena mnafunga na maneno?"

Evelyne akaangalia kalamu yake. "Kisheria, tunaweza."

"Ngoja," mama Agatha alisema. "Mimi sijasoma. Hodi ni ya kwenu?"

"Hapana mama, hodi ya mdomoni ni ya kila mtu. Tunachosema sisi ni hodi ikiwa kwenye mfumo, halafu inafuatwa na mimi, halafu nina, halafu shida. Kule kufuatana."

"Kwani huko kwenu mtu akiingia anaanzia wapi? Anaanza na shida ndiyo anapiga hodi?"

"Neno la SHIDA nililitoa mimi!" Bura alisema. "Walitaka ugonjwa!"

Kabla Evelyne hajajibu, simu ya rafuni ikalia. Wote wakageuza shingo. Kioo kikawaka: HODI. Ilikuwa namba ya Balangdalalu, simu moja inayotumiwa na nyumba kama kumi, kila mwenye shida anaiazima.

"Itikia," mama Agatha alimwambia mwanawe.

"Siwezi, mama. Mashine inajibu yenyewe."

"Hodi imepigwa kwako, na mimi nimekaa humu, haitikiwi?" Akasimama, akaisogelea rafu, akaielekezea simu mdomo wake kabisa. "Karibu!" alisema kwa sauti ya kumfikia mtu aliye shambani. "Karibu ndani! Nani mwenzetu?"

Simu ikatoa mlio mdogo. Meseji ilikuwa imeshakwenda. Neno halitambuliki.

Gidion akaichomoa kwenye waya, akaipigia ile namba. Haipatikani. Huko ukitaka mtandao unapanda kwenye kichuguu, na ukishatuma unashuka kurudi kwa mnyama wako. Akampigia Godlisten.

"Nenda Balangdalalu, kuna mtu anaita."

"Balangdalalu kubwa hiyo, kaka. Kwa nani?"

"Sijui. Hakufika kwenye MIMI."

"Mnyama gani?"

"Nimekwambia hakufika."

Godlisten akasema anaenda, ataulizia barabarani. Simu ikakatika. Ndani ya kioski ikabaki sauti ya mashine ya kusaga.

"Ona sasa," Evelyne alisema taratibu, na akasukuma kalamu. "Kaka, saini. Huyu wa sasa hivi akituma tena anakaribishwa."

Gidion akaishika kalamu. Alikuwa ameshaifungua kifuniko, ameanza kuzungusha ile sehemu ya juu kama vile nayo ina skrubu, mama yake alipomshika mkono.

"Subiri. Unasaini kwamba tuliiba?"

"Hamkuiba mama," Evelyne alisema. "Mlitoa. Wenyewe, kwa hiari. Mlitukabidhi siku ya semina, kila mtu." Akatoa kwenye begi karatasi nyingine, nakala iliyopauka, akaiweka juu ya meza katikati ya skrubu. "Hii hapa."

Bura akaja na ngozi yake, akainama. Aliikuta saini yake mara moja, ina mkia mrefu kama wa ndege, aliojifunzia shule ya msingi na hajawahi kuuacha.

"Hii ni yangu," alisema. "Lakini mimi nilisaini pilau!"

"Mzee, hapa juu imeandikwa kwamba kila mchango mliotoa—"

"Pilau, dada. Na soda. Uliza mtu yeyote. Nilikuwa na njaa na sikuwa na kosa."

Mama Agatha hakusoma chochote. Alipitisha kidole kwenye orodha, taratibu, anapita majina, mpaka akafika kwenye alama moja nyeusi ya dole gumba. Katikati yake ulipita mstari mweupe. Akainua dole lake mwenyewe, akalitazama lile kovu la mundu alilolipata akivuna ngano kabla Gidion hajazaliwa, akaliweka juu ya karatasi, kando ya mwenzake.

"Ni mimi," alisema.

Kidole kikashuka mpaka mwisho wa karatasi. "Na hapa chini, peke yake, huyu ni nani?"

Evelyne akafungua mdomo. Ni dada mwenye akili, alikuwa ameshasoma lile jina, na sasa akamwangalia mwenye jina, halafu mama yake, halafu akaufunga mdomo na kuanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika.

"Gidion," mama Agatha alisema. Hakukuwa na ukali wowote, alikuwa anauliza kama mtu anavyouliza chumvi iko wapi. "Wewe ndiye ulikuwa unatusomea. Siku ile ulinishika hiki kidole, nakumbuka, wino ulikuwa wa baridi. Hebu nisomee tena. Ulituambia hii karatasi ni ya nini?"

Bura akamgeukia. Evelyne akaangalia mlango.

Gidion akaweka kalamu juu ya meza. Bisibisi ilikuwa pale karibu na mkono wake, hakuichukua. Akavua kofia, kitu ambacho watu wa Dongobesh hawajawahi kukiona, akaivaa tena. Halafu akazunguka meza, akamfikia Bura, akaitoa ile ngozi begani kwa mzee, akaiweka begani kwake mwenyewe, upande wenye damu ukiwa shingoni, na akatoka.

"Gidion, nimekuuliza."

Alishapita pikipiki ya Bura bila kuiangalia, alishapita gari jeupe. Alikuwa anashika njia ya kuelekea Hanang, kwa Basili, kwa miguu, mwendo wa siku mbili kwa mtu mzima, nzi wote wakiwa wamemfuata yeye. Bura akatoka mbio na ufunguo mkononi, ndiyo kwanza anaitikia ile shikamoo ya asubuhi, anapiga kelele, "Marahaba! We Gidion! Marahaba, subiri nikubebe!"

Gidion hakugeuka.